Nimetoka stejini, sasa nimepewa skripti ya video ya Sacco. Naandikaje isigeuke hotuba?

Mtu_wa_Jukwaa (Kisumu)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mtu wa drama, nimekuwa nikiandikia shule na vyuo michezo ya lile tamasha la kitaifa la drama na filamu, na msimu ukiisha tunazunguka na kikundi tukiigiza seti buku kwa mashule kuanzia hapa Kisumu hadi Siaya na Busia. Sasa imekuja kazi ya aina ingine kabisa. Kuna Sacco moja hapa mjini, yaani chama cha akiba na mikopo, wanachama wengi ni walimu na wafanyibiashara wa soko la Kibuye, wanataka video ya kama dakika sita ionyeshwe siku ya AGM, ule mkutano mkuu wa mwaka, halafu baadaye ikatwe vipande vya kutuma WhatsApp. Mada ni kudhamini mkopo, yaani mwanachama ajue anaingia wapi akitia sahihi kwa fomu ya mwenzake.

Shida ni ile karatasi wamenipatia. Inaanza na historia ya Sacco, inakuja dira, inakuja dhamira, inakuja ujumbe wa mwenyekiti, inakuja orodha ya mikopo yote wanayotoa, na udhamini wenyewe uko huko chini kabisa kama kitu kilikumbukwa wakati wa kufunga kikao. Nikiandika hivyo najua ukumbi mzima utakuwa kwa simu kabla ya dakika ya pili, nimeona hadhira za kutosha kujua mahali watu huanza kusogea kwa viti.

Mi ninachojua ni kujenga mhusika, mgogoro na taharuki. Sasa nauliza wale mmefanya hizi video za makampuni na mashirika: hizo mbinu zinaingia huku ama huku kuna sheria zake? Pili, skripti yenyewe inaandikwa kwa mpangilio gani, juu ya stejini mimi huandika mazungumzo na maelekezo kwa mabano basi. Tatu, nitamwambiaje mwenyekiti kwamba hotuba yake haiwezi kuwa mwanzo bila kumvunjia heshima? Huyo mzee namheshimu sana, ndiye alisimama akasema hii kazi ipewe mtu wa hapa Kisumu.

Kalamu_ya_Naks (Nakuru)

Dada karibu sana huku, na usiache hata moja ya hizo mbinu nyumbani. Mi nilianza hivyo hivyo na jukwaa hapa Nakuru, siku hizi naandikia vyama vya ushirika vya maziwa, mahoteli, na watu wa mbegu, na kila siku ninachouza ni kile nilijifunza stejini.

Kabla uandike neno lolote rudi kwa mteja umuulize swali moja tu: mwanachama akitoka kwa huo ukumbi afanye nini ambacho leo hafanyi? Usikubali wakujibu "aelewe" ama "ahamasike," hapo hakuna kitu utaonyesha kwa kamera. Wabane mpaka waseme kitendo. Kwa yako nahisi ni kitu kama "asome fomu na aulize mwenzake maswali kabla ya kutia sahihi." Hapo umepata mwisho wa mchezo wako, na kila kitu kwa ile karatasi ambacho hakisukumi mtu kufika huko kinaenda kwa kijitabu cha AGM, historia na dira zinakaa vizuri sana kwa kijitabu.

Halafu amua hii ni hadithi ya nani. Wengi wataenda kwa mkopaji juu ndiye ana mkopo. Mi ningeenda kwa mdhamini. Yeye ndiye amebanwa pande mbili, anataka kuwa mtu wa watu, mwenzake wa staffroom amemwomba na kukataa ni aibu, na wakati huohuo akiba yake ikishafungwa na deni la mwingine yeye mwenyewe akitaka mkopo wa fee anapata shida. Huo ni mgogoro uko tayari, hauhitaji mtu mbaya. Na tafadhali mkopaji usimfanye mwizi. Stejini tunaweza kumfanya mtu kuwa fisi na watu wacheke, lakini kwa AGM yule fisi amekaa safu ya tatu na mke wake. Mwache mkopaji awe mtu mzuri ambaye biashara ilianguka ama kazi iliisha. Ndio ukumbi utauma zaidi, kwa sababu kila mtu ana mwenzake mzuri aliyewahi kuanguka.

Sasa kitu kikubwa kinachobadilika. Stejini yule wa nyuma kabisa haoni karatasi iko mkononi mwa mwigizaji, kwa hivyo tunalazimika kusema. "Ole wangu, mshahara wangu umekatwa kwa sababu ya mkopo wa mwenzangu niliyemdhamini mwaka jana!" Hiyo ni sawa, ukumbi wa shule unaihitaji. Kamera inaona. Andika hivi: klozapu ya peislipu, kidole kinashuka polepole kwa mistari, kinasimama. Mtoto anaingia, "Mama, shopping ya shule tunaenda lini?" Mama anaikunja ile karatasi mara mbili anaiweka chini ya sahani. Basi. Hakuna mtu ametaja mkopo na ukumbi mzima umejua kuna shida ya pesa, na wanataka kujua ilitoka wapi. Ukishawafikisha hapo sasa unaweza kurudi nyuma, ile kisengere nyuma tulifundishwa shule, uonyeshe siku ya sahihi vile ilikuwa rahisi, wakati wa chai, kalamu ya kuazima, "weka tu hapa chini mwalimu, ni formality."

Na ile fomu ikishaonekana mara ya kwanza lazima irudi. Chekhov, yule Mrusi mwandishi wa michezo, alisema bunduki ikining'inia ukutani mwanzo wa mchezo basi mbele huko ni lazima ilie. Fomu yako ndio hiyo bunduki.

Mpangilio: chora ukurasa safu mbili, kushoto PICHA, kulia SAUTI. Maelekezo yako ya jukwaa yote yanahamia kushoto, mazungumzo na msimulizi na muziki kulia. Ukimaliza funika upande wa kulia na mkono usome kushoto peke yake. Hadithi ikieleweka uko sawa. Isipoeleweka umeandika redio. Kuhusu urefu, watu wa Kiingereza huhesabu kama maneno 150 kwa dakika ya msimulizi, lakini maneno yetu ni marefu, mi huhesabu 100 hadi 110, kwa hivyo dakika sita usione ni nafasi kubwa, ukiandika maneno 400 na picha zikafanya kazi umefika.

Mwenyekiti usimtoe. Mpe sehemu. Mweke baada ya hadithi, wakati ukumbi una swali ambalo ni yeye tu anaweza kulijibu, na usimpe hotuba ya kusoma, mwanachama amuulize kitu mbele ya kamera naye ajibu kwa maneno yake. Ukimwendea mwambie hivyo: mzee, nimekuwekea mahali watu watakuwa kimya wakikusubiri. Hiyo ni heshima kubwa kuliko kumweka mwanzo watu wakitafuta viti, na si kumdanganya, ni kweli kabisa.

Elimu_ya_Wanachama (Bungoma)

Niko upande wa mteja, kazi yangu ni kufundisha wanachama kwa Sacco huku Bungoma, kwa hivyo wacha niseme kile waandishi wengi hawajui wakija kwetu.

Kalamu amesema vizuri lakini kuna hatari hapo. Mkiwaogopesha watu sana hakuna mtu atadhamini mtu tena, na Sacco bila wadhamini haikopeshi. Yaani ile hadithi ikifanya kazi yake vizuri kupita kiasi inatuulia biashara. Watu wa Sacco nyingi hukopa hadi mara tatu ya akiba yao, sasa hiyo sehemu inazidi akiba yake inasimama juu ya nini? Inasimama juu ya akiba za wenzake. Huo ndio ushirika wenyewe. Kwa hivyo dada, hadithi yako lazima ionyeshe pia udhamini mzuri unakaa vipi, mtu anadhamini na macho wazi na mambo yanaenda sawa, la sivyo meneja wa mikopo atakurudishia skripti na atakuwa na haki.

Halafu maswali ya kweli ambayo wanachama hutuuliza, haya ndio dhahabu yako, weka kwa midomo ya wahusika badala ya kutoa kwa brosha. Moja kubwa ni "naweza kujitoa?" Watu wanadhani ukiandika barua umetoka. Kawaida hutoki mpaka mkopaji alete mdhamini mwingine wa kukubadilisha ama deni liishe. Ingine ni "kwani akishindwa mnaanza na nani?" Kawaida inaanza na akiba ya mkopaji mwenyewe, ile inabaki ndio inagawanywa kwa wadhamini. Na ingine inaumiza watu sana, mtu anataka kuacha uanachama achukue akiba yake aende nyumbani, anaambiwa subiri kwanza, bado umefungwa na mkopo wa fulani. Lakini kila Sacco ina sheria zake ndogo, usiandike hata sentensi moja ya utaratibu kabla ofisa wa mikopo wa hiyo Sacco yenu aisome na kuweka sahihi. Video ikishachezwa kwa AGM mwanachama ataishika kama ahadi.

Mwalimu_wa_Tamasha (Kakamega)

Mulembe binti. Nimefundisha drama miaka mingi na nimefurahi kuona swali kama hili, juu vijana wetu wengi wanamaliza tamasha wakiwa na kipaji na hawajui kinakwenda wapi baadaye.

Mimi naona nyote mnafikiria video kama kitu kinaanza, kinaisha, watu wanapiga makofi. Kumbuka yale maigizo ya afya ya sokoni, ile walikuwa wanaita magnet theatre, waigizaji wanakuja siku ileile mahali palepale, wanaigiza mpaka mhusika anafika njia panda, anakwama, halafu mchezo unasimama. Mwezeshaji anageukia watu anauliza, nyinyi mngekuwa huyu mama mngefanya nini? Ndio mama wa nyanya anaweka debe chini anaingia kwa duara kuonyesha vile yeye angemjibu huyo mume. Mizizi ya hiyo kitu ni Mbrazili mmoja anaitwa Augusto Boal, miaka ya 1970, alichoka na hadhira inayokaa tu ikitazama, akataka mtazamaji aingie ndani ya mchezo abadilishe mambo kwa mkono wake.

Sasa angalia zawadi umepewa. Video yako haionyeshwi kwa televisheni ya mtu amelala kwa kochi. Inaonyeshwa ukumbini, wanachama wote wako, kipaza sauti kipo, mwenyekiti yuko. Simamisha video! Kalamu inashuka kwa fomu, karibu kugusa karatasi, skrini inaganda hapo. MC anasimama: wanachama, atie ama asitie? Subiri uone. Wale walimu watasimama mmoja baada ya mwingine, mmoja atasema asitie kabisa, mwingine atasema sisi ni ndugu, mwingine atasema amuulize kwanza anakopa ya nini, ana mikopo mingine wapi, nani wengine wanamdhamini. Hayo maswali ndiyo ile Sacco ilitaka kufundisha, na yametoka kwa midomo ya wanachama wenyewe, hakuna msimulizi anaweza kushinda hiyo. Kisha video inaendelea na unaonyesha njia mbili, ile ya kutia tu na ile ya kuuliza kwanza akatia akiwa anajua. Ona hapo pia umemjibu ndugu yetu wa Bungoma, kwa sababu njia ya pili inaishia kwa udhamini mzuri.

Na una kikundi. Ukiona pesa ya kurekodi njia zote mbili ni kidogo, rekodi sehemu ya kwanza tu, zile zingine zichezwe na waigizaji wako wawili palepale mbele ya meza kuu, mwanachama akitoa wazo wanaliigiza hapohapo. Wafunze kuitikia bila skripti, hilo ndilo zoezi la wiki nzima kabla ya AGM, na uwape maswali magumu kabisa ili siku hiyo wasishtuke. Mwambie MC pia asikimbilie kusema jibu sahihi. MC wengi wanaharibu hapo, wanauliza swali na kulijibu wenyewe.

Kipande cha WhatsApp nacho kikate palepale pa kalamu. Usionyeshe mwisho. Weka swali, watu watajibizana kwa kikundi mpaka usiku.

Sikubaliani kidogo na Kalamu kuhusu kupunguza maneno mpaka yabaki machache hivyo. Watu wetu wanapenda kusikia, fanani mzuri anayejua kuvuta "paukwa" na ukumbi ukaitika "pakawa" bado ana nguvu, hasa kama nusu ya hadhira ni wazee. Usimwache nje kwa sababu umeingia kwa kamera.

Kalamu_ya_Naks (Nakuru)

Mwalimu hiyo ya kusimamisha nimeipenda kabisa, nitaitumia na watu wa maziwa. Kuhusu fanani sina neno mradi asituambie kile tayari tunaona kwa picha.

Maiki_na_Boom (Kitale)

Mimi ni mtu wa sauti tu nitakuwa mfupi. Ukiweka onyesho ndani ya Kibuye usirekodi Jumapili, soko linajaa na hutasikia mwigizaji hata umwekee maiki shingoni, na mvua ya ziwa hupenda kuja mchana kwa hivyo anzeni asubuhi. Yeyote uso wake unaonekana akubali kwa maandishi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu picha pia, na kwa kuwa vipande vitaenda hadi kwa umma ulizeni KFCB, ile bodi ya kuainisha filamu, mapema kuhusu leseni. Vipande vya WhatsApp wekeni maandishi chini ya picha, watu wengi hufungua wakiwa kwa matatu ama staffroom bila sauti. Na dada, waambie waigizaji wako waache sauti ya stejini. Wataongea kama wanaongelesha mtu wa nyuma ya ukumbi, kwa maiki hiyo inakuwa kelele na uso unakuwa mkubwa sana kwa klozapu. Fanya nao mazoezi mkiwa mmekaa meza moja, mkiongea kama mnaoficha siri.

Mtu_wa_Jukwaa (Kisumu)

Asanteni sana sana, nimesoma yote zaidi ya mara moja. Nimeenda kwa mwenyekiti nikamwambia vile Kalamu alisema, akanyamaza kidogo halafu akasema kama ni hivyo basi yeye mwenyewe aulizwe lile swali la kujitoa udhamini, kwa sababu kila mwaka wanamuuliza na kila mwaka jibu linapotea kwa kelele. Historia na dira zimekubaliwa kwenda kwa kijitabu. Wazo la kusimamisha video wamelipenda ila meneja ana wasiwasi muda utapotea, nimemwambia tuweke kikomo cha dakika kumi za wanachama kuongea, MC ashike saa.

Nimeandika mwanzo hivi, niambieni:

PICHA: Jikoni, jioni. Mikono ya Mama inachambua omena kwa sinia. Simu inawaka mezani. Anafuta vidole, anasoma. Mikono inasimama.
SAUTI: Redio ya jirani kwa mbali. Mlio wa ujumbe.
PICHA: Klozapu ya ujumbe: mshahara umeingia, ni pungufu.
SAUTI: MTOTO (nje ya picha): Mama, shopping ya shule tunaenda lini?
PICHA: Mama anageuza simu, kioo kinaangalia chini.
SAUTI: MAMA: Maliza homework kwanza.

Halafu naingia kwa staffroom, siku ya sahihi.

Swali la mwisho ni malipo na haki. Wanataka kunilipa yote baada ya AGM, na sijui hiyo skripti inabaki ya nani.

Kalamu_ya_Naks (Nakuru)

"Maliza homework kwanza" usiiguse, hapo umefika.

Pesa: omba nusu kabla ya kuandika na nusu ukikabidhi skripti iliyokubaliwa, usifunge malipo yako na siku ya AGM kwa sababu AGM zinaahirishwa na wewe umeshafanya kazi. Andika kwa mkataba wanaruhusiwa marekebisho ya mara ngapi, na ni nani mmoja anayetoa maoni kwa niaba yao, la sivyo kila mjumbe wa kamati atakuletea yake. Wakikulipa kama ada ya kitaalamu na ikifika 24,000 kwa mwezi watakata asilimia 5 wapeleke KRA, wale wa kodi, si wizi, dai cheti chake uitumie wakati wa kufanya ritani. Watakuuliza pia invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, tangu 2024 mashirika yanaitaka ili gharama ikubaliwe.

Haki ni hapa uangalie sana. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi ya kuagizwa haki yake inahamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmeandikiana vingine. Stejini tumezoea mchezo ni wa mwandishi. Kama unataka kuubadilisha uucheze mashuleni ama uuzie Sacco ingine, iandikwe kabla ya sahihi, si baadaye.

Elimu_ya_Wanachama (Bungoma)

Mwanzo ni mzuri na nimemwona huyo mama. Lakini kitu kimoja kwa upande wetu. Hakuna mdhamini anapaswa kujua kwa kuona mshahara pungufu. Sacco inayofuata utaratibu inaandikia mkopaji kwanza, halafu inaandikia wadhamini ilani na kuwapa muda, kabla ya kugusa kitu. Ukionyesha pesa imekatwa ghafla ukumbi utageukia meza kuu, si fomu, na AGM itaharibika hapo. Uliza ofisa wenu wa mikopo ilani yao inatoka lini na inasema nini, kisha badilisha ule ujumbe wa mshahara uwe barua.

Mtu_wa_Jukwaa (Kisumu)

Kweli kabisa, na barua inanifaa zaidi hata kwa hadithi, kwa sababu barua inampa mama muda, anaweza kwenda kumtafuta mkopaji kabla ya siku kuisha. Hapo nimepata onyesho ambalo sikuwa nalo, wawili hao wamekaa kwa kibanda cha samaki, barua iko katikati ya meza, hakuna anayetaka kuigusa. Ofisa wa mikopo nakutana naye kesho asubuhi, nitaomba anionyeshe ilani yenyewe wamefuta majina, niandike kwa maneno yao. Kalamu, ile ya kifungu 31 naiweka kwa mkataba leo.